Mtumbwi wa kwenye begi: Familia ya Nyabibuye yashuka Ziwa Tanganyika

Nyabibuye hakuna ziwa. Kuna vilima, migomba, mashamba ya mihogo na maharage, vijito vya bondeni, na baridi ya asubuhi ambayo mwezi Juni huwatoa watoto nyumbani wakiwa na masweta. Kata hii iko Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, si mbali na mpaka wa Burundi. Mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hapa bila kuwahi kusimama mbele ya maji ambayo ng'ambo yake ni nchi nyingine.

Ndiyo maana fundi baiskeli mmoja wa kata hiyo aliporudi nyumbani na mabegi mawili makubwa, akasema ndani yake kuna mitumbwi, mke wake alicheka kwanza.

"Baba watoto, mtumbwi wa kwendea wapi?"

Mabegi yalitoka Kibondo. Mteja wake wa miaka mingi, mfanyakazi wa shirika la misaada, alikuwa anamaliza mkataba na kuuza vitu vya nyumbani: friji, kitanda, jiko la gesi, na kayaki mbili za kujaza upepo. Kayaki ni mtumbwi mwembamba, wenye ncha mbele na nyuma, unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Hizi za upepo hukunjwa zikaingia kwenye begi, na zikifika majini hupulizwa kwa pampu. Mwenye mali alimwambia fundi azichukue zote, azijaribu atakapokwenda Kigoma, kisha amletee hela ya moja na kurudisha nyingine. Walikuwa wameaminiana kwa miaka ya viraka na minyororo.

Na Kigoma safari ilikuwapo. Shangazi wa watoto anaishi Ujiji, likizo ya Juni ilikuwa imekaribia, na mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka 13, alikuwa ameahidiwa ziwa tangu akiwa darasa la nne. Nyuma yake kuna msichana wa miaka tisa na kitinda mimba wa miaka minne.

Jumamosi kayaki zote mbili zilipulizwa uani, majirani wakiwa wamesimama kwenye uzio kama wanaangalia mnada. Ya kwanza ilikuwa fupi na pana, ya plastiki nyembamba inayong'aa, nyepesi kiasi kwamba mvulana aliibeba kichwani peke yake. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi, karibu mita nne, nyembamba, imevikwa kitambaa kigumu juu ya mipira yake, na begi lake lilihitaji watu wawili. Bei yake ilikuwa mara tatu ya ile fupi.

Fundi alizikagua kwa jicho la kazi yake. Swali lake lilikuwa moja: ikitoboka je? Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye vali, akatafuta mapovu, kama anavyofanya kwa tyubu kwenye beseni. Akagundua jambo lililomtuliza. Kayaki hazina mfuko mmoja wa upepo. Zina vyumba vinavyojitegemea: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu, kila kimoja na vali yake. Akafungua vali ya ubavu mmoja, upepo ukatoka, na vyumba vingine vikabaki vimesimama. Mzazi anayefikiria kununua chombo cha aina hii aanze hapo. Chenye chumba kimoja tu ni cha kuchezea kwenye bwawa la kuogelea, hata kama picha ya kwenye boksi inaonyesha milima na ziwa.

Ufundi wa baiskeli ulimsaidia, na nusura umponze. Tairi la baiskeli hujazwa upepo kwa nguvu ya PSI 40 au zaidi. Ubavu wa kayaki ya kawaida unataka PSI moja hadi tatu hivi, na hata zile zenye sakafu ngumu iliyoshonwa nyuzi ndani, ambazo zimetengenezwa kuhimili nguvu kubwa, nyingi huishia karibu na 10. Mkono uliozoea kubonyeza tairi mpaka liwe jiwe unaweza kupasua mshono. Kinyume chake nacho ni kibaya: kayaki yenye upepo kidogo hupinda katikati ikibeba watu, pua na mkia vikanyanyuka kama ndizi, na haiendi. Kipimo cha kweli kimeandikwa kwenye chombo chenyewe, karibu na vali. Pampu ya baiskeli nayo haifai, kwa sababu hutoa upepo mdogo wenye nguvu nyingi, wakati hapa panatakiwa upepo mwingi wenye nguvu ndogo. Fundi aliijaribu kwa ubishi, akaiacha kabla jasho halijakauka.

Gundi pia ni suala. Ile ya viraka vya tyubu, inayopatikana kila duka la baiskeli kuanzia Kakonko mpaka Kasulu, imetengenezwa kwa ajili ya mpira. Kayaki nyingi ni za PVC, na kiraka kilichobandikwa kwa gundi ya tyubu huachia. Lazima chombo kije na gundi yake na vipande vyake, au mnunuzi aagize vinavyofaa kabla ya safari.

Saa sita mchana jua lilipopanda, kayaki zilizopulizwa kwenye baridi ya asubuhi zilikaza kama ngoma. Upepo ukipata joto hutanuka. Fundi alizipunguza haraka. Ziwani ingekuwa kinyume: chombo kikiwekwa kwenye maji ya baridi hulegea, na huhitaji kuongezwa kidogo. Wanaopumzika ufukweni na kuacha kayaki imelala juani ndio hurudi na kukuta mshono umefunguka.

Majaketi matatu, watoto watatu

Mke wa fundi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Yeye hakuangalia mishono. Alimwaga vilivyokuwa ndani ya mabegi akahesabu majaketi okozi: mawili ya watu wazima, moja la mtoto. Akamwita msichana wa miaka tisa, akalifunga lile la mtoto, akashika mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likabaki mahali pake. Angeliona linapanda mpaka masikioni, angejua majini mtoto angechomoka chini na jaketi lingeelea peke yake. Mvulana, ambaye miezi hii anakua kama mhindi wa masika, lilimkaa la mtu mzima likikazwa mikanda yote. La tatu ni la baba.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha kitinda mimba.

"Nitampakata."

"Hapana."

Fundi alieleza kwamba watakuwa karibu na ufukwe, kwamba yeye anajua kuogelea, kwamba mtoto ni mwepesi. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wanaume wanaoeleza kwa nini mtoto hakupelekwa kliniki. Kisha akamuuliza kafi linapigwa kwa mikono mingapi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tanzania haihitaji kuambiwa habari hii kwa takwimu za mbali. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, ikaua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Hayo ni majina makubwa yanayokumbukwa kila mwaka. Mtoto mmoja anayeponyoka mikononi mwa baba yake hatua chache kutoka ufukweni hatajwi redioni.

Jaketi lenyewe nalo lisomwe. Lililoandikwa 50 limetengenezwa kumsaidia anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Lililoandikwa 100 na kuendelea linakusudiwa kumgeuza mtu uso ukatazama juu hata kama amezimia, na ndilo la mtoto asiyejua kuogelea. La mtoto mdogo liwe na kola ya kushika kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Yale maboya ya kuvaa mikononi, yanayouzwa pamoja na mipira ya plastiki, ni ya kuchezea. Na jaketi huchaguliwa kwa kilo za mtoto. Umri haufuatwi, wala haifai kununua kubwa "ili akue nalo" kama sare ya shule.

Barabara ya kushuka

Walitoka alfajiri, bodaboda mpaka Kakonko, kisha basi. Konda alilipima begi refu kwa macho akauliza kama ni hema. Alipoambiwa ni mtumbwi, alicheka, akawatoza mzigo.

Barabara kutoka Kakonko kupita Kibondo hadi Kasulu si ile waliyoijua wazazi wao, waliokuwa wakifika na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Dirishani ni misitu ya miombo, vijiji, magunia ya mkaa, baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Kati ya Kibondo na Kasulu basi huvuka Mto Malagarasi, na hapo baba aliwaambia watoto jambo ambalo hata abiria wa kiti cha nyuma alisogea kulisikiliza: maji haya chini ya daraja nayo yanakwenda Ziwa Tanganyika, ila hayana haraka. Yanazunguka mashariki kwenye maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, yanageuka, yanapita Uvinza, na kuingia ziwani kusini mwa Kigoma. Basi lingewatangulia.

"Si tungeshuka hapa tukapulize mtumbwi?" mvulana aliuliza.

Mama yake alimjibu kwa neno moja: mamba. Lilitosha.

Baada ya Kasulu nchi huanza kuinama. Masweta yanavuliwa, michikichi inaongezeka, hewa inakuwa nzito. Kisha, kwenye kona moja, ziwa linatokea kati ya vilima, na msichana wa miaka tisa akauliza kwa nini mbingu imeshuka chini.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, linagawanywa na nchi nne, Tanzania, DRC, Burundi na Zambia, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina. Kwa anayepiga kafi, kina si habari kubwa, maana mtu anaweza kuzama kwenye mita mbili. Habari kubwa ni urefu. Upepo unaopata kilomita nyingi za maji bila kilima wala mti wa kuuzuia huinua mawimbi ambayo bwawa la kijiji haliwezi kuyajua.

Chombo kinachofika ziwani humu kwa kubebwa si kitu kigeni. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua ya Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. MV Liemba, meli ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaja kwenye masanduku na kuunganishwa upya Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ukilitazama hivyo, begi la fundi wa Nyabibuye lilikuwa na ukoo mzuri, ingawa shangazi alipoliona sebuleni alitaka tu kujua lini litatoka.

Swali la mvuvi

Asubuhi iliyofuata ziwa lilikuwa kimya kama mafuta ya mawese kwenye chupa. Wavuvi wa dagaa waliokesha na taa zao walikuwa wamerudi. Ufukweni kulikuwa na harufu ya samaki, moshi na chai ya tangawizi. Fundi na mvulana wake walipuliza kayaki fupi kwa dakika chache, wakaishusha, wakapiga kafi sambamba na ufukwe. Iliteleza vizuri. Ilitulia kiasi kwamba mvulana aligeuka nyuma akampungia mama yake mkono.

Fundi alirudi akiwa ameshaamua. Ni nyepesi, ni rahisi, haipinduki, na bei yake inalipika. Ile ndefu ilikuwa inayumba kidogo mtu anapoingia. Ya nini kulipa mara tatu?

Jirani wa shangazi, mzee aliyevua ziwa hili tangu kijana, alikuwa ameketi kwenye ubao wa mtumbwi wake akishona wavu. Aliibonyeza kayaki fupi kwa kidole kama anayepima embe.

"Mwanangu, hiki kinarudi?"

"Kinarudi wapi, mzee?"

"Nyumbani. Upepo ukiwa usoni."

Fundi akajibu kwamba hakuna upepo. Mzee akamwambia angoje saa nne.

Miezi ya kiangazi, takriban Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini-mashariki hulitawala Ziwa Tanganyika. Upande wa Kigoma, ulio mashariki mwa ziwa, upepo huo mara nyingi unatoka nchi kavu kuelekea majini. Huo ndio unaodanganya watu. Vilima hukinga maji ya karibu na ufukwe, hivyo mtu akisimama mchangani huona utulivu. Akienda mbele mita mia moja, mia mbili, kinga inaisha, upepo unamshika mgongoni, na anajisifu jinsi anavyokwenda kasi. Akigeuka ndipo anaijua kasi hiyo ilikuwa ya nani.

Saa nne ilifika. Mzee alishusha mtumbwi wake wa mbao akakaa upande wa nje, kati ya kayaki na ziwa kubwa, kamba ikiwa miguuni. Fundi aliingia peke yake kwenye ile fupi, na jaketi lake, akatoka kidogo nje ya kinga ya kilima, akageuka. Akapiga kafi. Ule mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba ya shangazi ulibaki palepale. Akapiga kwa nguvu zaidi, pua ikayumba kushoto, ikayumba kulia, mwembe palepale. Aliposimama kuvuta pumzi, kayaki ikageuka ubavu na kuanza kuondoka naye taratibu kuelekea Congo. Mzee alimrushia kamba bila kusema neno. Kwenye mchanga, mke wake alikuwa amesimama, mikono kichwani.

Maelezo yake si magumu. Mtumbwi wa mbao ni mzito, sehemu yake kubwa imezama, na maji hushika. Kayaki ya upepo ni nyepesi, inakaa juu ya maji, na mbavu zake nene zinakuwa tanga ambalo hakuna aliyeliagiza. Ikiwa fupi na pana, inasukuma maji badala ya kuyakata. Ikiwa haina pezi chini ya mkia, haiwezi kushika mstari. Kilichoifanya itulie asubuhi, ule upana wake, ndicho kilichoinyima nguvu ya kurudi. Fundi alikuwa amekuja na hofu ya kutoboka, akakuta chombo kizima kabisa, hakina hata tundu la sindano, kinachomchukua.

Kayaki ndefu ilijaribiwa palepale, mzee akiwa bado nje. Ilikuwa na pezi la urefu wa kiganja, sakafu ngumu, na pua iliyochongoka. Ilikwenda polepole na ilimtoa jasho, lakini mwembe ulisogea. Kisha mzee akamtaka ajaribu kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji: ajirushe majini makusudi na kupanda tena. Alipanda mara ya tatu, kwa kujilaza kifudifudi juu ya mkia kama anayepanda punda, akishika kamba za pembeni. Kamba hizo ni za kuangalia kabla ya kununua. Kayaki laini isiyo na pa kushika, yenye mtu aliyelowa na aliyechoka, ni sabuni.

Uzito ulioandikwa kwenye chombo nao una hila yake. Kama kayaki imeandikwa kilo 180, hizo ni kilo za kuelea kwa shida. Baba wa kilo 75, mvulana wa kilo 40, maji ya kunywa, chakula na nguo vinatosha kabisa. Akiongezwa wa tatu, mbavu zinashuka na wimbi dogo linaingia ndani.

Saa moja mpaka saa tatu

Siku tatu zilizofuata mama ndiye aliyepanga ratiba. Majini saa moja asubuhi, mchangani saa tatu. Hawakuelekea nje ya ziwa hata mara moja, walikwenda sambamba na ufukwe, mahali ambapo wangeweza kushuka wakati wowote, wakianza kwa kuelekea upepo unakotoka ili kurudi kuwe kwepesi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uliangaliwa kwenye simu kila jioni, na kila asubuhi mzee aliulizwa tena, maana yeye huona vilima. Simu ilikaa kwenye mfuko usioingia maji, imefungwa kwenye jaketi na si kwenye kayaki, ikiwa na namba ya shangazi, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Kila jaketi lilikuwa na filimbi. Mvulana alifundishwa kwamba chombo kikichukuliwa na upepo, au kikipinduka, haogelei kuufuata ufukwe: anabaki na kayaki, analala chini ili upepo usimpate, na anapuliza filimbi. Kayaki huonekana kutoka mbali. Kichwa cha mtu hakionekani.

Siku moja walikwenda fukwe za Jakobsen, upande wa Katonga, ambako kuna ghuba ndogo zilizokingwa na maji yanayoonyesha mawe ya chini na samaki wa rangi wanaopita kati yake. Hapo msichana wa miaka tisa alipata zamu yake mbele ya baba. Aliimba njia nzima.

Mama alikuwa na sababu nyingine ya kuchagua mahali pa mawe na mawimbi. Kichocho kipo Ziwa Tanganyika. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji matulivu, hasa kwenye majani na matete, karibu na makazi na midomo ya mito, na huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache. Kayaki ya upepo haimkingi mtu: unaingia nayo ukiwa na maji ya magotini, unakalia unyevu, unalowa kila kafi linaponyanyuka. Ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi hupunguza hatari, hauiondoi. Kujifuta kwa taulo mara tu unapotoka ni vizuri, lakini mzazi asirudi nyumbani akiamini taulo.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wanarudi likizo, wiki inayofuata mtoto analalamika tumbo, wanapima choo, wanaambiwa hakuna kitu, wanafunga habari. Mayai ya minyoo ya kichocho hayaonekani mapema hivyo, na praziquantel, dawa ambayo watoto wengi wanaijua kutokana na zoezi la shuleni, hufanya kazi vizuri kwa minyoo iliyokomaa. Muda wa kupima ni wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji. Mama aliandika tarehe mwezi Agosti kwenye kalenda ya simu, akaweka na mlio. Damu kwenye choo, homa isiyoeleweka au tumbo linalouma kwa siku nyingi havisubiri tarehe hiyo.

Maji ya kunywa walibeba yaliyochemshwa, hata kama ziwa lilionekana safi kama kioo. Kigoma inakumbuka mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika kijiji cha Kagunga kando ya ziwa hili hili, kipindupindu kikaingia, na ile ile MV Liemba ikawa inawasafirisha kwenda mjini. Maji yanayopendeza kwenye picha hayajapimwa na mtu.

Kitinda mimba hakuingia kwenye kayaki. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili mama yake alimvalisha filimbi shingoni akampa kazi: baba na kaka wakipita lile jiwe kubwa, apulize, nao wageuke. Alipuliza walipolipita, alipuliza kabla hawajalipita, alipuliza kwa mbwa wa jirani. Lakini kila alipopuliza, kayaki ndefu iligeuza pua.

Ile fupi ilirudi kwenye begi ikiwa imekaushwa kivulini mpaka kwenye mikunjo, maana ikikunjwa mbichi huota ukungu, na ikarudi Kibondo. Kulipia ile ndefu kulihitaji awamu mbili, na mbuzi mmoja. Fundi aliifungia stoo kwa shangazi, Ujiji. Kuipandisha Nyabibuye kungekuwa kumlipa konda bure.

Kwenye basi la kurudi, baada ya Kasulu, masweta yakiwa yamevaliwa tena, fundi alitoa simu. Alikuwa amepata muuzaji wa majaketi ya watoto Dar es Salaam, na muuzaji alikuwa ameuliza saizi. Fundi akaandika, "Miaka minne."

Mke wake aliisoma juu ya bega lake. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa kwenye nailoni, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye nukta ya mwisho.

"Futa hiyo," alisema. "Andika kilo kumi na tano."